"Si mlikubali wenyewe?" Neno ridhaa na fomu tunazotia sahihi

Mei 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru kampuni ya Worldcoin ifute data ya macho na nyuso ilizokusanya kutoka kwa Wakenya, tena ndani ya siku 7, Kamishna wa Data akisimamia. Kama ulikuwa mtandaoni siku hiyo, unakumbuka jibu lililojaa kila mahali: "Si walikubali wenyewe? Si walipanga foleni wenyewe? Nani aliwashikia bunduki?"

Nakiri kwamba hata mimi nilicheka. Halafu nikajikumbuka.

Huenda umesahau ilivyokuwa, kwa hivyo nikurudishe kidogo. Mradi ule ulizinduliwa rasmi Julai 24, 2023. Siku chache baadaye, pale KICC watu walikuwa wamejazana kama siku ya kuapishwa rais. Ukifika mbele unasimamishwa mbele ya kifaa cha mviringo kinachong'aa, kinakupiga picha mboni za macho, kisha unapewa tokeni 25 za sarafu ya kidijitali. Wakati huo zilikuwa na thamani ya takriban Sh7,000. Agosti 2 serikali ikasimamisha shughuli hiyo yote.

Mimi sikupigwa picha, lakini usidhani ni kwa ujanja wangu. Nilitoka Umoja na matatu, nikashuka tao, nikaona urefu wa ile foleni, nikapiga hesabu ya njaa na nauli ya kurudi, nikageuza. Nilikuwa nimeacha chuo kwa sababu ya karo na landilodi alikuwa ananidai kodi ya miezi miwili. Ningefika mbele, ningekubali bila kupepesa jicho, hasa kwa vile jicho ndilo lililotakiwa. Na ungeniuliza nimekubali nini, ningekujibu: Sh7,000.

Hapo ndipo lilipo tatizo. Hilo si jibu la swali lililoulizwa.

Sisi wa mjini neno hili tunalitaja kwa Kiingereza, consent, hata tukiwa katikati ya Sheng. Tukibanwa tuseme kwa Kiswahili, wengi wetu tunasema "ruhusa" ama "idhini". Magazeti nayo yamejaa idhini: idhini ya Bunge, idhini ya mzazi, jengo lililojengwa bila idhini ya kaunti. Hakuna aliyekosea sarufi. Lakini sikiliza idhini inatoka wapi. Inatoka juu. Kuna mwenye mamlaka anayeidhinisha na kuna wa chini anayeomba. Idhini ni mhuri. Ukishagongewa, unauweka kwenye faili na unaendelea na kazi yako, na aliyekugongea hana haja ya kukupenda wala kukuelewa.

Ridhaa ni ya ukoo mwingine. Ndugu zake ni radhi, kuridhika, kuridhia, maridhiano. Ukimkosea mtu unamwambia akuwie radhi. Ukianza safari ndefu unataka radhi za wazazi. Maneno haya yote yanakaa kifuani mwa mtu, hayakai kwenye karatasi. Mtu anaweza kukupa idhini huku amenuna mpaka kesho. Ridhaa haitoki kwa mtu aliyenuna. Akinuna, maana yake haipo.

Na kama wewe ni wa kurasa za michezo, ridhaa unaijua tayari, pengine hukuiangalia mara mbili. Wanamichezo wa ridhaa ni akina nani? Ni wale wasiocheza kwa mshahara. Wanaamka alfajiri kukimbia kwa sababu wanataka. Siku akisaini mkataba wa pesa, watangazaji wanaacha kumwita wa ridhaa, anakuwa wa kulipwa. Sisemi kwamba mtu akilipwa hawezi kuwa ameridhia. Ingekuwa hivyo, kila mwenye ajira angekuwa mtumwa. Ninachosema ni kwamba lugha yetu ilishagundua zamani kwamba pesa ikiingia mlangoni, swali linabadilika. Inabidi uulize upya: huyu yuko hapa kwa sababu gani?

Sheria za Kenya nazo, ukizisoma polepole, haziko mbali na hapo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, ile iliyopelekwa Bungeni na Njoki Ndung'u ambaye sasa ni jaji wa Mahakama ya Juu, ina kifungu kifupi sana, cha 42. Kinasema mtu ameridhia iwapo amekubali kwa hiari yake, na ana uhuru na uwezo wa kufanya uamuzi huo. Hesabu: kukubali, hiari, uhuru, uwezo. Kukubali ni neno moja kati ya manne. Sisi mtandaoni tunalichukua hilo moja, tunamtupia mtu usoni, na yale matatu tunayaacha kwenye kitabu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaongeza masharti: ridhaa lazima iwe ya wazi, isiyo na utata, iliyotolewa kwa uhuru, mahususi kwa jambo fulani, na ya mtu anayejua anachokubali. Anayechukua data ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba uliridhia. Mzigo si wako. Na unaweza kuiondoa ridhaa yako wakati wowote.

Sasa rudi KICC na hayo mkononi. Mahakama haikusema watu walikamatwa kwa nguvu. Ilisema data ilichukuliwa bila tathmini ya kutosha ya hatari zake kufanywa kwanza, na kwamba ridhaa ilipatikana kwa kuwavutia watu na zile sarafu. "Si walikubali?" Walikubali, ndiyo. Hilo halikuwa na ubishi.

Hadi hapa unaweza kusema hii ni stori ya macho na tokeni, itapita. Mimi neno hili lilinigusa kwingine.

Mapema mwaka jana, ndugu yangu mdogo alikuwa amepandwa boda ikagongwa na gari. Mguu ukavunjika chini ya goti. Ana miaka 22. Tulipofika hospitali, ambayo sitaitaja, alikuwa macho kabisa. Anauma meno kwa uchungu, lakini anaongea, hata ananiuliza simu yake iko wapi na nani ataiambia kazi kwamba kesho haendi. Tukakaa saa nne. Mwishowe sista akanijia pale kwenye korido na karatasi juu ya kibao.

"Wewe ni wa familia yake? Tia sahihi hapa na hapa, uandike na namba ya kitambulisho."

Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili, maandishi madogo kama mchanga. Nikauliza ni ya nini. Akasema ni ya thieta. Nikatia sahihi mara mbili, dakika haijaisha, nikarudi kwenye benchi nikijihisi mwanamume aliyebeba jukumu.

Kesho yake alipozinduka vizuri akautazama mguu, kisha akanitazama mimi. "Bro, nani aliwaambia waniwekee chuma?"

Elewa vizuri: upasuaji ulikuwa sawa. Daktari alinieleza baadaye kwamba kwa plasta peke yake angekaa muda mrefu na mfupa ungeweza kuungana vibaya. Mguu umepona, dogo anatembea. Lakini swali lake la pili lilinikaa rohoni kuliko la kwanza. "Mimi nilikuwa nimelala pale pale, naongea. Mbona wakuulize wewe?"

Sikuwa na jibu, na ndiyo sababu nilianza kusoma haya mambo. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake, aina za matibabu yanayoweza kufanywa, faida zake, hatari zake, gharama, na kwamba ana haki ya kukataa. Na aelezwe kwa lugha anayoifahamu, kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Kisha inasema huduma haitolewi bila ridhaa ya mgonjwa mwenyewe aliyeelezwa hayo yote. Mtu mwingine anaingia pale tu mgonjwa hawezi kuamua, na hata hapo si jamaa yeyote aliyekaa karibu na mlango. Ni aliyeteuliwa kwa maandishi ama anayetambuliwa na sheria ama amri ya korti. Kuna dharura pia, pale kuchelewa kunaweza kuua au kuleta madhara yasiyorekebishika. Ndugu yangu alikuwa amesubiri saa nne akiongea kuhusu simu.

Kwa hivyo, kwa jinsi ninavyoisoma sheria, zile sahihi zangu mbili za kishujaa hazikuwa ridhaa ya mtu yeyote. Dogo hakuulizwa, na mimi niliyeulizwa haukuwa mguu wangu.

Sista simlaumu sana. Alikuwa na wodi nzima peke yake usiku ule. Lakini jiulize ile karatasi ilikuwa inamlinda nani. Kama ingekuwa ya kumlinda mgonjwa, ingeandikwa kwa lugha yake na ingepelekwa kitandani kwake. Iliyoletwa kwenye korido ni idhini: mhuri wa faili, wa siku ambayo wakili atakuja kuuliza.

Hii tabia si ya Kenya pekee wala si ya jana. Mwaka 1914 huko New York kuliamuliwa kesi ya mwanamke aliyekubali kuchunguzwa tumbo akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, akakataa kukatwa, kisha akaamka amekatwa. Jaji Benjamin Cardozo aliandika kwamba kila mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuamua mwili wake utafanyiwa nini. Wanasheria na madaktari wanayanukuu maneno yake mpaka leo. Wasichopenda kutaja ni kwamba mwanamke yule kesi yenyewe alishindwa. Baadaye, mwaka 1947, baada ya madaktari wa Nazi kushtakiwa kule Nuremberg kwa majaribio waliyowafanyia wafungwa, ziliandikwa kanuni kumi za utafiti wa kitiba, na ya kwanza kabisa ni kwamba ridhaa ya hiari ya binadamu haina mbadala. Ilibidi watu wafe ndipo iandikwe nambari moja.

Hapa kwetu, mwishoni mwa 2022 na tena 2023, Mahakama Kuu ilitoa hukumu katika kesi za wanawake wanaoishi na virusi vya HIV waliofungwa mirija ya uzazi bila kuridhia. Kesi hizo zilikuwa zimeanza 2014. Ukisoma hukumu hizo, utaona jambo linalouma zaidi ni kwamba fomu zilikuwepo. Kuna waliotia sahihi wakiwa na uchungu wa kujifungua. Kuna ambao hawakuelezwa kwamba kilichofungwa hakitafunguka. Na kuna walioeleza kwamba waliambiwa waonyeshe kwanza kuwa wamefunga uzazi ndipo wapewe chakula na maziwa ya mtoto.

Mama ana mtoto mchanga, ana virusi, hana hela ya maziwa. Mbele yake kuna fomu. Anatia sahihi. Sasa simama umwambie, "Si ulikubali mwenyewe?"

Maziwa yale na zile Sh7,000 ni kitu kimoja. Havihusiani kabisa na kinachoombwa. Mirija ya uzazi haina uhusiano wowote na njaa ya mtoto aliyekwisha kuzaliwa; imefungwa pamoja nayo na mtu anayejua unakosa nini. Tangu nisome kesi hizo, kipimo changu kimekuwa hicho. Siangalii tu kama mtu alisema ndiyo. Naangalia angepoteza nini kama angesema hapana, na kama hicho ambacho angepoteza kina uhusiano wowote na jambo lenyewe.

Sasa tuje kule ambako wengi wenu mlidhani makala hii ingeanzia.

Alikuja kwako mwenyewe. Alikunywa pombe yako, akacheka na stori zako, akakosa matatu ya mwisho. Vyote hivyo ni kweli na vyote havitoshi. Kuja kwako ni kuridhia kuja kwako. Kunywa ni kuridhia kunywa. Nimeshasema ridhaa ni mahususi. Ukiniruhusu niingie sebuleni hujaniambia nifungue droo za chumba cha kulala. Na ile pombe ambayo wasee huitaja kama ushahidi wa kuwatetea, sheria inaitaja upande wa pili kabisa. Kifungu cha 43 cha ile Sheria ya Makosa ya Kingono kinaorodhesha watu wasio na uwezo wa kuridhia: aliyelala, aliyepoteza fahamu, aliyelewa dawa, pombe au kitu kingine kiasi kwamba fahamu au uamuzi wake umeathirika, mwenye matatizo ya akili, mtoto. Kwa hivyo ukisimama kortini ukajitetea kwamba alikuwa amelewa ndiyo maana hakukataa, umemsaidia kiongozi wa mashtaka kazi yake.

Mtoto, kisheria, ni aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2019 majaji wa Mahakama ya Rufaa walisema wakati umefika wa kujadili hali ya vijana wa miaka 16 kwenda juu wanaopatikana na wapenzi wa rika lao, kwa sababu magereza yamejaa vijana wa kiume wenye kesi za namna hiyo. Ni mjadala wa maana, na mimi niko upande wa kuufanya. Lakini mjadala si sheria. Umri bado ni 18. Usije ukasema kuna blogi iliyokudanganya.

Kuna jambo moja kwenye kifungu hicho hicho cha 43 ambalo hunikera kila nikilisoma. Baada ya kueleza vizuri hivyo kuhusu vitisho, udanganyifu, usingizi na ulevi, kinamalizia kwa kusema kwamba hakiwahusu watu waliooana kisheria. Yaani ridhaa imeelezwa kwa makini mpaka mlangoni pa nyumba ya ndoa, ikavuliwa viatu ikaachwa nje. Ndoa ikageuzwa idhini ya maisha: uligongewa mhuri siku ya harusi, basi. Wanawake wamelipigia kelele hili kwa miaka mingi na liko pale pale. Nyinyi mnaochumbia na kuchumbiwa sasa, mjue mnaingia kwenye nyumba ambayo sheria yake ina shimo.

Turudi kwenye simu kidogo, maana huko ndiko ridhaa yako inachukuliwa mara nyingi zaidi kwa siku. Septemba 2023 Kamishna wa Data alipiga faini kilabu cha Casa Vera Lounge Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule moja ikapigwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tulishangaa, kwa sababu tulizoea kwamba ukiingia kilabu sura yako ni mali ya mpiga picha wa kilabu. Umelipa kuingia, umelipa na sura.

Lakini ya tatu ndiyo iliyonifanya nimkumbuke dogo na mguu wake. Kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za mikopo, ilipigwa faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia namba za watu ilizozipata kwa watu wengine, kisha kuwatumia jumbe na simu za vitisho. Unajua inavyokuwa. Rafiki yako anakopa Sh2,000, apu inamwuliza kama inaweza kuona namba zilizo kwenye simu yake, anabonyeza "kubali" kwa kidole kimoja huku anakula smokie. Wiki mbili baadaye unapigiwa simu wewe, ama mama yako, mnatukanwa kwa deni msilolijua. Ni nani aliridhia namba ya mama yako itumike? Rafiki yako. Kwa niaba yake, bila kumwuliza, bila kusoma. Sawasawa na mimi pale kwenye korido.

Sasa kuna swali gumu, na nisingependa ulikwepe kwa kuwa mimi mwenyewe halijaniacha.

Nina jamaa aliyepigwa picha ya macho. Alizibadilisha zile tokeni kuwa pesa akalipa kodi. Nilipomwambia kuhusu hukumu ya mahakama alikasirika. "Kwa hivyo jaji anasema mimi sikujua ninachotaka? Nilijua. Nilitaka kulala ndani. Nyinyi mnaosema maskini hawezi kuridhia, mnataka tuwe watoto, mtuamulie." Na ana hoja, buda. Kama umaskini unafuta ridhaa, basi sisi wengi hatujawahi kuridhia chochote maishani: kazi, nyumba, hata baadhi ya mapenzi. Ukilisukuma wazo hilo mpaka mwisho, unaishia kumnyima maskini haki ya kusema ndiyo baada ya kumnyima kila kitu kingine.

Nilimjibu hivi, na hakuridhika kabisa. Amri ya korti ilielekezwa kwa kampuni. Hakuna aliyemfuata yeye kwa zile Sh7,000. Sheria haikumwambia hana akili. Ilimwambia aliyekuja na mashine kwamba alikuwa na kazi ya kufanya kabla ya kuuliza, na hakuifanya vya kutosha. Apime hatari. Aeleze picha zinaenda wapi na zitakaa kwa nani. Asitangulize pesa mbele ya swali. Akifanya hayo yote na jamaa yangu bado akasema ndiyo, hiyo ni ndiyo yake na mimi sina la kusema. Yeye akaniuliza, "Na kama wangenieleza yote, unadhani ningekataa?" Nikasema sijui. Akasema, "Mimi najua. Nisingekataa." Tukaagiza chai nyingine.

Pengine asingekataa kweli. Lakini angekuwa na kitu cha kukataa, na leo ningemwuliza alikubali nini angenijibu kitu kingine zaidi ya kiasi cha pesa.

Mwezi uliopita tulirudi hospitali, dogo atolewe kile chuma. Hospitali ni ile ile. Fomu ni ile ile, Kiingereza, kurasa mbili. Sista alikuwa mwingine, na kwa mazoea alininyooshea mimi kibao. Nikakipitisha kwa mwenye mguu bila kusema neno.

Dogo akakitazama, akageuza karatasi, akairudisha. "Sista, samahani, naomba unisomee kwa Kiswahili."

"Yote?"

"Yote. Na pale penye hatari usipite haraka."

Sista akaangalia saa, akaangalia foleni, kisha akavuta kiti. Nyuma yetu watu walianza kusonya, na mzee mmoja akauliza kwa sauti kama huyu kijana anasoma mkataba wa kununua shamba. Ilichukua dakika kumi na moja, nilihesabu. Walipofika kwenye dawa ya usingizi dogo aliuliza maswali mawili, na moja sista hakuwa na jibu lake, akaenda kumwita daktari.